Miwani Iliyoachwa Mezani

Rachida Amadi hakuwahi kutoka mkutanoni akiwa na miwani yake. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya karatasi zake, akaaga, akatoka na kufunga mlango. Kisha, baada ya muda unaomtosha mtu kushusha pumzi na kumwambia jirani yake anachokiwaza kweli, mlango ulifunguka tena.

"Miwani yangu," alisema, macho yake yakipita juu ya nyuso zao, si juu ya meza.

Hivyo ndivyo alivyoongoza kampuni yake ya kusaga unga mjini Lubumbashi tangu ujana wake hadi mvi zikamfunika. Wageni kazini walinaswa mara moja, wakanyooka. Wenyeji walishajua. Mama, ndivyo walivyomwita, akishatoka, wakuu wa idara walibaki wamekaa kimya kama watu waliofiwa, kila mmoja akitazama vidole vyake, wakingoja miwani ifuatwe. Guelor, mkuu wa mauzo, alikuwa na ujuzi wa kunong'ona bila kufungua midomo. "Chungeni," alikuwa akisema, "ile miwani iko na masikio." Papa Zéphirin, msimamizi wa ghala na malori, alibana kicheko hadi machozi yakamtoka.

Mtu pekee aliyethubutu kumuuliza Rachida kuhusu tabia ile alikuwa Plamedie, mkuu wa fedha. Walikuwa garini wakirudi kutoka benki, na Rachida siku hiyo alikuwa na moyo mweupe.

"Mama, si ungeweka tu mutu wa kukusikilizia?"

"Nikiweka mutu wa kunisikilizia," alijibu Rachida, "nani atanisikilizia yeye?"

Plamedie alicheka. Usiku huo, kitandani, hakuona tena cha kuchekesha. Alimhurumia mwanamke aliyejenga nyumba yenye vyumba vingi halafu akalazimika kulala mlangoni.

Rachida alikuwa binti wa Mzee Amadi, mfanyabiashara aliyetoka Kasongo, kule Maniema, na kuja kukaa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, enzi za reli na migodi. Mzee huyo alipeleka vitambaa na chumvi vijiji vya kaskazini, akarudi na mahindi na karanga. Hakuacha mali nyingi, aliacha maneno. La kwanza lilikuwa kwamba mkono mtupu haulambwi: usiingie kwenye nchi ya mtu kununua kitu kabla hujamsalimia mwenye nchi kwa zawadi, na zawadi iwe ile anayoipenda yeye, si ile uliyoikuta karibu. La pili lilikuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndugu anaweza kukumega, mgeni atakumaliza.

Rachida aliliona la pili kwa macho yake. Alipoanzisha kinu, alikuwa na mshirika aliyeitwa Casimir, mtu mpole, mwenye kusema polepole. Asubuhi moja Casimir hakuja kazini. Alikuwa amefungua kinu chake upande wa pili wa barabara, na nusu ya wateja walikuwa wamesimama mlangoni kwake. Tangu siku hiyo Rachida aliwalipa wafanyakazi wake vizuri, aliwazika ndugu zao, aliwasomeshea watoto, lakini kuwaamini, hapana. Imani yake yote aliirudisha kwenye damu, na damu aliyobaki nayo mjini ilikuwa moja: mdogo wake Moustapha, aliyerithi duka la vitambaa la baba yao pale Kamalondo.

Plamedie aliyajua haya yote kwa sababu ilikuwa kazi yake kujua. Alitoka katika familia ya Wakatoliki wa kaskazini. Babu yake alizaliwa upande wa Mitwaba, akateremka kufanya kazi ya reli, hakurudi tena. Plamedie alisoma hapa hapa Lubumbashi, akaingia kwa Rachida na shahada yake mpya, na kidogo kidogo akawa mtu ambaye Mama hakuweza kuamua jambo bila kumuuliza. Kuulizwa ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine. Alikuwa ameshajifunza kuishi katikati ya hayo mawili.

Mwaka ambao mambo haya yalitokea, mvua ilikuwa imewanyima Wazambia, na Zambia ikafunga tena mpaka wake kwa mahindi. Mji mzima wa Lubumbashi unakula bukari, yaani ugali, wa mahindi yaliyolimwa na wengine. Kila mtu analijua hilo, na kila mara mpaka ukifungwa watu wanashangaa kama jambo jipya. Malori yalilala mpakani, Kasumbalesa. Bei ya unga ilipanda asubuhi, ikapanda tena jioni. Vinu vidogo vilifunga milango, vikubwa vikawa vinasaga nusu ya siku na kupumzika nusu.

Plamedie alikuwa ameliona hilo likija. Aliwaandikia wakuu wenzake mpango mfupi: tusingoje mpaka. Kampuni inayotegemea mlango mmoja inamtegemea mwenye ufunguo. Twende kaskazini mwa jimbo letu wenyewe, tuelewane na wakulima mapema, tuwape mbegu, tuchukue mavuno. Gharama ya barabara itatuuma, lakini tutasaga mwaka mzima.

Rachida aliusoma mpango ule, akaukunja, akasema, "Baba yangu alifanya hii bila kuandika." Kwa Rachida, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tatizo lilikuwa moja. Kule vijijini, chifu akishampa mnunuzi neno lake, mavuno yote yanamfuata huyo. Wa pili anakuta maghala yamefagiliwa. Na mara mbili, Lukafu kwanza, kisha upande wa Kasenga, malori ya Rachida yalifika na kukuta ya Casimir yameshaondoka. Mara ya kwanza walisema ni bahati mbaya. Mara ya pili hakuna aliyelitaja neno bahati. Mtu alikuwa anatoa siri.

Haya yalikuja wakati mbaya. Moyo wa Rachida ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba asipoacha kazi, kazi itamwacha. Binti yake Nafisa alikuwa akimngoja Kindu. Kabla ya kuondoka ilimbidi amtaje mkurugenzi atakayekalia kiti chake, na kila mtu alijua ni Guelor au Plamedie. Sasa kila aliyewatazama hao wawili alikuwa akijiuliza ni yupi mrithi na ni yupi msaliti, na wengine walijiuliza kama si mtu mmoja.

Siku moja Rachida alimwita Plamedie peke yake.

"Funga mulango, mutoto wangu. Kaa karibu." Alivua miwani, akaishika mkononi. "Malori itaenda Mitwaba. Ni weye na miye tu tunajua. Usiambie hata muto yako ya kulalia."

"Papa Zéphirin atapanga safari namna gani kama hajue kwenye anaenda?"

"Atajua asubuhi ya kutoka."

Plamedie alitoka akiwa amefurahi. Furaha hiyo ilifika naye hadi kwenye ngazi tu. Mitwaba kulikuwa kwao. Shangazi yake Germaine bado alikuwa anaishi kule. Kati ya watu wote, kwa nini Mama amchague yeye kumwambia siri ya Mitwaba? Alisimama pale kwenye ngazi ameshika chuma cha pembeni, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba ameaminiwa kama panya anavyoaminiwa na mtego.

Malori yalikwenda. Barabara ya Mitwaba si barabara ya kwenda na kurudi haraka, na kila siku iliyopita bila habari Plamedie alikula kidogo zaidi. Yaliporudi, yaliingia kiwandani yakirukaruka, na lori linalorukaruka halina mzigo. Aliyasikia kabla hajayaona.

Rachida aliita mkutano wakati ule ule.

"Guelor," alisema, "nilikuambia malori inaenda wapi?"

Guelor aliwatazama wenzake, hakuelewa. "Lukafu, Mama. Ulisema nibakie nayo kwa roho."

"Zéphirin. Mbele ya ile asubuhi, nilikuambia wapi?"

"Kasenga, Mama. Nikashangaa, tulipotoka ukasema Mitwaba."

"Plamedie?"

Alikuwa ameshaelewa kabla hajafungua mdomo. Aliona jinsi mtego ulivyokuwa mzuri, safi, wa kitabu. Yeye mwenyewe angeweza kuwafundisha wengine. "Mitwaba," alisema.

"Na Casimir alienda wapi?"

Nje, mtu alikuwa akifunga milango ya malori matupu, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, sikumwambia mutu," alisema Plamedie.

"Shangazi yako iko wapi?"

"Mitwaba. Lakini sijamupigia simu tangu—"

"Sikuulize tangu lini." Rachida hakupandisha sauti; hakuwa na haja. "Ijumaa uniletee barua yako ya kuacha kazi. Sitaandika miye ya kukufukuza. Mutoto wa batu hafukuzwe kama mbuzi."

Akakunja miwani, akaiweka mezani, akatoka.

Walikaa. Plamedie alitazama ile miwani na kuona mwanga wa dirisha umejikunja ndani ya kioo. Mlango ukafunguka. "Miwani yangu," alisema Rachida, na safari hii alimtazama mtu mmoja tu.

Siku zilizofuata Plamedie hakufanya kazi. Alichunguza. Hakujua kuwa anaweza kuwa mtu wa namna hiyo. Guelor alikuwa na simu mpya, na ikilia alitoka nje kuongea, mkono umefunika mdomo, kwa nini? Zéphirin alikuwa ameezeka nyumba yake upya. Kwa mshahara gani? Mama alimwambia Zéphirin Kasenga, lakini asubuhi ya kutoka alijua ni Mitwaba; labda hapo ndipo alipopiga simu. Lakini madereva waliambiwa kule kwamba asubuhi ile Casimir alikuwa ameshafika Mitwaba. Basi Guelor. Lakini Guelor aliambiwa Lukafu. Mawazo yalizunguka kama kinu kisicho na mahindi ndani, yakisagana yenyewe.

Jumatano, baada ya chakula, aliwaacha Guelor na Zéphirin katika chumba cha mkutano, akatoka. Alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi alipogundua kwamba kalamu yake ameiacha mezani. Akarudi hatua mbili na kusimama nje ya mlango. Hapo ndipo alipojiuliza kama aliisahau kweli.

"Huyu mutoto hakusema kitu," Zéphirin alikuwa anasema. "Miye nimekaa na bezi. Mwizi anakula muzuri. Huyu hakule."

"Na kama kiti ni yangu kwa sababu yake yeye ameanguka," alisema Guelor, "nitakaa juu yake namna gani? Bataniita mufalme wa matanga."

Plamedie hakuingia kuchukua kalamu. Alikwenda kukaa chooni na kulia kwa aibu, kisha akanawa uso. Watu wawili aliokuwa amewahukumu kwa simu na kwa mabati walikuwa wakimtetea nyuma yake. Ni kitu gani hiki, aliwaza, ambacho mtu anakipata kwa kusikiliza mlangoni, na kwa nini hata kikiwa kizuri kinamwachia mtu mdomo mchungu?

Jioni hiyo alifanya lile aliloogopa kulifanya tangu mwanzo, kwa kuwa lingeonekana kama ushahidi. Alimpigia shangazi yake simu.

Mama Germaine alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, aliyeamini kwamba simu ni kitu cha kupigiwa kelele ili maneno yafike. Aliuliza afya, akauliza kwa nini Plamedie haolewi, akauliza tena afya. Ndipo Plamedie alipomuuliza habari ya wanunuzi wa mahindi.

"Balikuja babili," alisema shangazi. "Wa kwanza akabeba yote. Wa pili akabeba vumbi. Lakini chifu wetu, huyu ndiyo alipata faida. Sasa ni mzungu kabisa."

"Mzungu namna gani?"

"Iko na makoti mbili. Kaki, kola nyekundu ndani, vifungo vya shaba vya simba. Mbili, sawasawa, kama mapacha. Anavaa moja juu ya ingine, na jua hii yetu. Juzi kanisani tulisema ataanguka. Mke wake anamuambia toa moja, anakataa, anasema bakubwa babili balimuheshimu, hawezi kudharau mumoja."

Shangazi alicheka peke yake.

Koti lile Plamedie alilijua. Kila chifu alikuwa na zawadi yake, na zawadi hizo Rachida alizirithi kwa baba yake pamoja na majina yao: kitambaa cheupe kwa mama wa chifu wa Lukafu, blanketi la sufu kwa yule wa Kasenga, na kwa Mitwaba koti la kaki lenye kola nyekundu, kama lile ambalo Mzee Amadi alimpelekea baba wa chifu huyu zamani. Koti la namna hiyo halikuuzwa sokoni. Lilishonwa na fundi mmoja, katika duka moja.

Alhamisi Plamedie alikwenda Kamalondo.

Duka la Moustapha lilikuwa refu na jembamba, vitambaa vimepangwa hadi darini, na mbele kulikuwa na benchi ambalo halikuwahi kukosa mtu. Moustapha mwenyewe alikuwa mtu mnene wa furaha, mwenye kofia nyeupe, aliyewapa wateja chai ya tangawizi kabla hawajauliza bei. Alimkaribisha Plamedie kama mtoto wa nyumbani. Habari ya barua ya Ijumaa ilikuwa haijamfikia; Rachida hakuwa mtu wa kupeleka mambo ya kazi nyumbani, isipokuwa zawadi za machifu tu.

"Kaa, mutoto wa dada. Huyu hapa ni Chama," alisema, akimwonyesha mwanamume mwembamba aliyekuwa ameshika kikombe benchini. "Ananunua mahindi kwa ajili ya Casimir, lakini hapa hatunaye ugomvi. Hapa ni duka, si tribunali. Kila siku anakunywa chai yangu, hata sukari haleti."

"Nitaleta siku yenye chai yako itakuwa na chai ndani," alisema Chama, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliozoeana.

Plamedie alikunywa kidogo. Kisha akasema, kwa sauti aliyoisikia kama inatoka kwa mtu mwingine, "Papa Moustapha, nilitaka koti moja. Ya kaki, kola nyekundu."

"Ya Mitwaba? Tena?" Moustapha alipiga paja. "Huyu chifu anataka kufungua duka ya kushindana na miye? Dada aliagiza moja, Chama akaagiza moja, na weye moja."

Chama aliacha kucheka. Alitazama ndani ya kikombe chake, akakiweka benchini taratibu, akakumbuka kwamba ana mtu wa kuonana naye. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo Moustapha alilishangaa.

"Analipa muzuri, huyu Chama," alisema akimfuata kwa macho. "Kila mara dada anatuma zawadi kwa chifu, na yeye anaomba ya vile vile. Nilimuambia: kuheshimu bachifu, hakuna mutu anamupita dada yangu. Basi anamufuata, anajifunza adabu. Ni muzuri, hapana? Adabu ikienea."

Plamedie alikuwa amekuja kutafuta uso wa msaliti, na mbele yake palikuwa na uso wa mzee anayempenda dada yake na anayependa kuongea. Hakuna aliyemhonga. Fundi akianza kushona kola nyekundu, Chama anajua ni Mitwaba. Kitambaa cheupe kikikatwa, ni Lukafu. Na Moustapha hakuona sababu ya kuficha kitu ambacho kilikuwa fahari ya ukoo. Siri yote ya kampuni ilikuwa ikiangikwa kwenye msumari dukani, mchana, mbele ya benchi, na aliyeiangika ni Rachida mwenyewe. Mtego wake ulikuwa umepima kila mdomo kazini. Alisahau mdomo mmoja, kwa kuwa ulikuwa wa damu yake.

Koti lilikuwa tayari. Fundi alikuwa ameanza kushona mengine, akidhani soko limefunguka. Plamedie alilichukua, likafungwa katika gazeti.

Njiani alikuwa na mizigo miwili. Akisema, jina lake litasafishika, na Mama, naye mgonjwa, atapoteza mtu wa mwisho anayemwamini. Akinyamaza, ataondoka na sifa ya usaliti, na kila kampuni ya mji huu, ambamo wakurugenzi wanakula pamoja mtaa wa Golf na kuulizana habari za watu, itamfungia mlango kwa tabasamu. Alifikiria kunyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea. Kilichomzuia hakikuwa jina lake. Mwaka ujao kungekuwa na Plamedie mwingine, na kitambaa cheupe kingine, na kinu kingesimama kwa kosa ambalo hakuna atakayeliona.

Ijumaa alibisha hodi ofisini kwa Rachida na kuomba waongee wawili tu.

"Hapana," alisema Rachida. "Ulisemwa mbele ya bote. Utajitetea mbele ya bote."

"Mama, nakuomba. Ni kwa ajili yako."

"Kila mwenye kunidanganya alianza na ile neno."

Basi walikaa, wote wanne, mezani. Plamedie alitoa barua yake ya kuacha kazi, akaiweka mbele ya Rachida. Kisha akafungua gazeti, akalaza koti kando ya barua. Kola yake nyekundu ilikuwa imegeuka nje.

"Nililinunua jana kwa Papa Moustapha," alisema. "Chifu wa Mitwaba iko na mbili kama hii, anavaa moja juu ya ingine. Moja ulituma weye. Ya pili ni ya Casimir. Chama anakunywa chai dukani kila siku, Mama. Fundi akianza kushona, yeye Chama anajua kwenye tunaenda, na anatutangulia."

Zéphirin aliinamisha kichwa.

Rachida alichukua simu, akapiga, akaiweka mezani ili wote wasikie. Plamedie aliona kwamba hata sasa alikuwa anatafuta kumnasa mtu, na kwamba alikuwa akiomba asimnase.

"Moustapha. Lile koti ya Mitwaba, nani mwingine aliagiza?"

"Dada yangu!" Sauti ya Moustapha ilijaza chumba. "Chama, yule wa Casimir. Kwani iko na shida? Hata kitambaa cheupe ya Lukafu aliagiza, na blanketi. Miye nilimuonyesha. Nikamuambia, hii ni kazi ya dada yangu, ukitaka kupokelewa muzuri, fuata yeye. Umekula? Moyo inasema nini leo?"

"Nimekula," alisema Rachida. "Inasema muzuri."

Alikata simu. Alilivuta koti karibu, akapitisha kidole juu ya vifungo, simba mmoja, kisha mwingine, hadi chini.

"Zimwi likujualo," alianza, na hakumalizia.

Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, kavu, ya mtu anayesoma bei. "Zawadi ya bachifu itashonwa kwengine, na zote zitashonwa pamoja, ya kila chifu, kila mwaka, hata kama hatuendi kwake. Hakuna mutu atajua ipi inatumika. Moustapha nitaongea naye miye. Asiende mwingine kumusema." Aliichukua barua ya Plamedie, hakuifungua, akaitia mkobani. "Tangu Jumatatu, Plamedie atakaa kwenye hii kiti. Guelor, kama unaona vibaya, sema sasa."

"Naona muzuri, Mama."

"Basi."

Hakuomba msamaha. Plamedie alijikuta hakuutegemea, na hilo lilimhuzunisha zaidi kuliko kuukosa. Rachida aliinuka kwa kushika meza, akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.

Miwani ilikuwa pale, imekunjwa juu ya karatasi.

Walikaa kimya, kama kawaida. Guelor alitazama vidole vyake. Muda wa kurudi ulifika, ukapita. Zéphirin alikohoa. Nje walisikia mlango wa gari ukifunguliwa, na dereva akisema kitu.

"Hajarudi," alinong'ona Guelor, na safari hii alifungua midomo.

Plamedie aliichukua miwani, akashuka ngazi akikimbia. Gari lilikuwa limeshawashwa, pua yake imeelekea getini. Rachida alikuwa amekaa nyuma, kichwa amekiegemeza kwenye kioo, akionekana mdogo ghafla, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Angepitia Kamalondo, kisha nyumbani Golf, na mwisho wa juma angepanda ndege kwenda kwa binti yake Kindu, ambako alizikwa kabla mvua za mwaka huo hazijakatika. Hawakuonana tena.

Plamedie aligonga kioo. Kikateremka polepole.

"Mama, miwani yako."

Rachida aliitazama ile miwani, kisha akainua macho kwenye madirisha ya ghorofa, ambako Guelor na Zéphirin walikuwa wamesimama karibu karibu, wakiongea.

"Bakia nayo," alisema. "Sasa ni weye bataanza kukusema."